Nesi wa pili yuko chini ya kitanda

Mwaka jana nililala siku tisa chini ya kitanda cha mama mdogo kwenye wodi moja hapa Kampala, hospitali siitaji. Sio mimi peke yangu, chini ya kila kitanda kulikuwa na mkeka, beseni, jiki, termosi na mtu. Ndio maatendanti hao, ndugu waliokuja kuuguza mgonjwa wao. Usiku nesi ni mmoja kwa wodi nzima, anapita anachoma sindano, anabadilisha dripu, anaandika kwenye faili, huyoo keshaenda, na ukiita musawo musawo (ndivyo hapa tunavyomwita daktari au nesi) anakujibu kutoka kitanda cha mwisho kule. Kumwogesha mgonjwa, kumlisha uji, kumwaga mkojo, hiyo yote yetu. Na hakuna aliyenionyesha chochote.

Siku ya nne mama mmoja wa Arua aliyekuwa anamuuguza mumewe kitanda cha jirani akaniambia, we kijana, huyo mama yako unamgeuza lakini? Kufunua shuka, ngozi juu ya makalio ishakuwa nyekundu.

Sasa mi naona uuguzi wenyewe ndio huo. Watu wakisikia Florence Nightingale, yule nesi Mwingereza, wanakumbuka ile taa tu, eti anapita usiku kwa majeruhi kule Scutari, hospitali ya jeshi la Waingereza huko Uturuki wakati wa vita vya Crimea. Taa imesifiwa kupita kiasi bwana. Vifo vilishuka sana mwaka 1855, ilipokuja tume ikazibua mifereji ya uchafu chini ya jengo na kuingiza hewa, halafu yeye akarudi Uingereza akakaa na mahesabu, akachora michoro kuwaonyesha wakubwa kwamba askari wengi waliuawa na magonjwa, sio risasi. Shule yake ya manesi London ikafunguliwa 1860. Lakini kitabu chake cha 1859 hakuwaandikia manesi! Aliwaandikia wanawake wa kawaida wenye wagonjwa nyumbani, fungua dirisha, safisha, mgonjwa mpe chakula kwa wakati wake. Yaani alituandikia sisi wa kwenye mkeka.

Hapa kwetu nesi mmisionari Katharine Timpson alifika 1897, hospitali ya Mengo ikaanza mwaka huohuo, akaja kuolewa na mwanzilishi wake Daktari Albert Cook, na baada ya vita vya kwanza akawa anafundisha wasichana wa hapa ukunga. Ukali wa masista wa zamani tumeurithi wote (ukikanyaga sakafu iliyopigwa deki utajua), lakini lile wazo la kumfundisha mtu wa kawaida hadi ajue, hilo limeishia mlangoni mwa chuo. Atendanti hafundishwi na mtu. Na tunajua inavyogharimu, Ebola ya Gulu 2000 ilishika watu waliokuwa wanauguza ndugu zao na kuosha maiti, na manesi pia walikufa.

Silaumu manesi, yule mmoja wa usiku angefanya nini? Nataka nusu saa tu, siku mgonjwa anapolazwa, atendanti aonyeshwe kunawa, kugeuza, kulisha bila kumpalia mtu, na ni dalili gani ya kukimbilia musawo.

Mimi niliweka alamu kwenye simu, kila baada ya masaa mawili namgeuza, ngozi ikarudi vizuri. Siku tunatoka, kabla hata shuka hazijabadilishwa, akaja binti na beseni jipya, stika ya bei bado iko juu, anauliza mkeka atandike wapi. Nikamwambia hapo hapo chini, ila kwanza njoo nikuonyeshe kitu.