Narnia: Usianze na Kitabu Nambari 1

Ukinunua seti mpya ya vitabu 7 vya watoto alivyoandika C. S. Lewis kuhusu Narnia, nchi ya kubuni, utakuta kila kimoja kina nambari, na nambari 1 ni The Magician's Nephew. Ushauri wangu kwa mzazi: kiweke kando hicho kwanza. Mpe mtoto The Lion, the Witch and the Wardrobe, ambacho wamekiandika 2.

Lewis alitoa kitabu kimoja kila mwaka kuanzia 1950 hadi 1956, na The Lion ndicho kilichotangulia. The Magician's Nephew kilitoka 1955, kikabakisha kimoja tu nyuma yake. Lakini kwa kuwa kinasimulia jinsi Narnia ilivyoumbwa, wachapishaji HarperCollins walipotoa seti yao mwaka 1994 wakifuata mtiririko wa matukio, kikarushwa hadi mbele. Lewis alikuwa amefariki tangu 1963. Matoleo ya zamani ya Marekani yalifuata mwaka wa kuchapishwa, ndiyo maana ukichakura vitabu vya mitumba pale soko la Kibuye, Kisumu, unaweza kushika vitabu viwili tofauti vya Narnia, vyote vimeandikwa 1. Muuzaji ataapa kwamba hajui kwa nini, na hakudanganyi.

Wanaotetea mpangilio mpya hupenda kumtaja Lewis mwenyewe. Mwaka 1957 alimjibu mvulana wa Marekani aliyekuwa akibishana na mamake kuhusu jambo hili hili. Mama alishikilia mwaka wa kuchapishwa, mtoto akataka kufuata matukio, na Lewis akaegemea upande wa mtoto. Wengi huishia hapo. Barua yenyewe inaendelea kusema kwamba huenda mpangilio si jambo kubwa kiasi hicho. Mimi nikiisoma naona mzee mpole asiyetaka kumvunja moyo mtoto aliyejisumbua kumwandikia kutoka ng'ambo.

Hadithi zake zinasema vingine. Katika The Lion, Lucy anaingia ndani ya kabati la nguo, anapenya katikati ya makoti, mara anakanyaga theluji. Mbele yake, katikati ya msitu, kuna nguzo ya taa inayowaka. Nani aliisimika huko? Haelezwi. Baadaye Lucy na nduguze watatu wanasikia jina la Aslan kwa mara ya kwanza, na msimulizi anamwambia msomaji wazi kwamba hawakumjua ni nani, kama wewe usivyomjua. Sasa mtoto aliyeanza na The Magician's Nephew anamjua fika: ameshamsikia simba huyo akiimba mpaka nchi nzima ikatokea. Anajua taa ilitoka wapi na mbao za kabati zilitoka mti gani. Ni kama kumpa mtu jibu ndipo umtegee kitendawili.

Mpwa wangu wa Gredi ya 5, anayekaa Migosi, alivisoma kwa mpangilio ninaoutetea. Alipofika mahali ambapo kipande cha chuma kilichong'olewa kwenye nguzo ya taa ya London kinaangukia udongo mpya wa Narnia na kuanza kuota, alitoka mbio hadi jikoni: "Anti! Kumbe ndiyo ile taa!" Kwa mpangilio wa HarperCollins asingekuwa na sababu ya kukimbia.

Harry Potter hana taabu hii. Kila kitabu ni mwaka mmoja wa shule, mtoto anahesabu mwenyewe.

Kisumu, hata hivyo, vitabu haviji kwa foleni. Unanunua ulichokipata, na maktabani unakuta kile unachokitaka kimeazimwa. Basi usiwe mkali kupita kiasi. Prince Caspian, The Voyage of the Dawn Treader na The Silver Chair visitenganishwe, kwa sababu ni maisha ya mtu mmoja: Caspian ni kijana anayewindwa na amiye, kisha mfalme aliye baharini, kisha mzee aliyepotelewa na mwana. Ukianza na uzee wake, hutakuwa na hofu yoyote juu yake akiwa kijana.

The Horse and His Boy kinaweza kusomwa wakati wowote baada ya The Lion, kwani matukio yake yako ndani ya ile miaka ambayo Lucy na nduguze wanatawala Narnia. Hiki nakupa na onyo. Watu wa Calormen, nchi iliyo kusini mwa Narnia, wanachorwa wenye ngozi nyeusi, vilemba na panga zilizopinda, na wengi wao ni wakatili au wenye hila. Aravis, msichana wa huko, ni shujaa kweli, lakini peke yake hafuti picha hiyo. Mtoto wa Kisumu mwenye wanadarasa wanaovaa kanzu na kofia kila Ijumaa atauliza, na inafaa akuulize wewe. Sisemi kifichwe.

The Last Battle kinakaa mwisho, hata kama ndicho pekee ulichokikuta kwa muuzaji. Kinunue, maana huenda usikione tena, ukifungie mahali.

Mtoto akishavimaliza vyote, akitaka kurudia, hapo mpe nambari za HarperCollins azifuate. Kwa msomaji wa mara ya pili zina raha yake: anaiona taa ikiota akijua Lucy ataikuta.