Raha ipo, lakini tazameni na makato

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema wafanyakazi wa vyuo vikuu vya umma hapa Kenya wana kazi ya raha, wanachokosa ni shukrani tu. Mimi niko maktaba ya chuo, mwaka wa 14 huu. Raha ipo, sikatai. Diploma yangu niliisomea jioni nikiwa kazini, na mwanafunzi akirudi baada ya mahafali kunisalimia, moyo hujaa.

Lakini wahadhiri hawakugoma siku 49 mwaka 2025, Septemba hadi Novemba, kwa kukosa shukrani. Walidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021, yaani pesa za kazi iliyokwisha kufanywa!

Kwangu kinachouma zaidi ni pensheni. Payslipu inaonyesha makato kila mwezi, ila nilipofuatilia nikakuta miezi kadhaa haikuwasilishwa kwenye mfuko. Mwenzangu, mzee wa watu, alistaafu mwaka juzi na bado anapanda ngazi za utawala na faili kwapani kuulizia chake. Siku nyingine huja kuketi kwetu maktaba apumzishe miguu. Mwandishi angeanza kwa kumhoji huyo.