Elimu ya sumukuvu isiishie ofisini

Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafa. Miaka 12 baadaye maafa kama hayo yakatufika sisi, Dodoma na Manyara: macho ya manjano, matumbo kuvimba, na watu wapatao 20 wakapoteza maisha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sumu hii haikuwa ngeni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga, wataalamu walijua kwamba inatokana na kuvu, kwamba inaharibu ini, na kwamba moto wa jikoni hauimalizi. Maarifa hayo yalikuwapo maabara na vyuoni kwa zaidi ya miaka 40, na mama anayeanika mahindi yake juu ya udongo hakuwa ameletewa.

Tukiulizwa tufanye nini, wengi wetu husema "elimu itolewe". Itolewe na nani, lini, na kwa lugha gani? Kipeperushi kinachosema "punguza unyevu hadi asilimia 13.5" hakimsaidii mtu asiye na kipimo cha unyevu. Ipo njia ambayo kila nyumba inaiweza. Chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, tia mahindi kiasi na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Isiponata, yamekaribia, ingawa mimi ningeyaongezea jua kidogo, maana chumvi hugundua unyevu unaozidi kama asilimia 15 tu. Hapo ndipo utaalamu unapokuwa umefika kwa mtu: ameupata kwa vitu alivyonavyo jikoni.

Na anayeleta maarifa lazima naye aulize. Mahindi yaliyooza yanakwenda wapi? Vijijini wengi tunajua: hayatupwi, yanapikiwa pombe au wanapewa kuku. Mtaalamu asiyelijua hilo atasema "chambueni mabovu", watu watachambua kweli, na sumu itarudi mezani kwa mlango mwingine. Anayejua habari hiyo ni mwenye ghala, kwa hiyo katika mazungumzo haya na yeye ni mwalimu.

Ndiyo maana naamini sana katika shamba darasa. Mfumo huu ulianzia Indonesia mwaka 1989, kwa wakulima wa mpunga waliokuwa wakihangaishwa na wadudu. Wakulima hukutana shambani msimu mzima, wanakagua mimea wenyewe, wanabishana, wanalinganisha, na bwana shamba anawaongoza bila kuwahutubia. Jirani akiona gunia la jirani yake limekaa miezi bila kuota kuvu, hahitaji kushawishiwa na bango.

Mwaka 2022 Serikali yetu iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani. Nilifurahi, kwa sababu afisa asiye na usafiri ni afisa wa makaratasi. Lakini pikipiki inataka mafuta, na afisa anataka kupimwa kwa jambo la maana. Idadi ya semina alizoendesha hainiambii kitu. Nataka kujua ni kaya ngapi katika kata yake zinaanika juu ya turubai, na ni maswali gani ya wakulima ameyafikisha kwa watafiti na kurudi na majibu.

Haya yaanze mwezi wa Aprili, mahindi yakiwa bado shambani na watu wana muda wa kutafuta turubai. Semina ya Agosti, ghala likiwa limeshajaa, imechelewa.