Ngazi za umeme zikizima haziwi ngazi

"Si ngazi tu hizo? Zikizima, pandeni kwa miguu!" Kila ngazi za umeme zinapogoma kwenye kituo cha treni cha chini ya ardhi, mjuaji wa kusema hivi hakosekani.

Haya, twende naye Seattle, Marekani, kituo cha University of Washington, chenye jina la chuo kikuu cha hapo, kilichofunguliwa Machi 2016 ubavuni mwa uwanja wa michezo wa Husky. Treni hupita karibu mita 30 chini. Machi 2018 ngazi za umeme za kushukia zilizima, foleni ikawa ndefu ajabu. Na ngazi za zege? Zilikuwepo! Ila zilikuwa "za dharura tu", abiria wa kawaida hakuruhusiwa. Dharura ipi tena waliyokuwa wakiisubiri?

Tuanze na kipimo. Kidato cha ngazi ya kawaida huwa na kimo cha sentimita 17 au 18 hivi. Cha umeme huzidi 20, na karibu na mwisho, juu na chini, vidato hujilaza taratibu, kimo kikawa hakilingani. Hapo ndipo mguu unapokosea.

Lakini balaa lenyewe ni breki. Ngazi ya umeme iliyosimama haijakaa kwenye zege. Imening'inia kwenye mnyororo, na breki ndiyo inayouzuia. Kama imezimwa kwa jiwe lililonasa kwenye meno ya chanuo pale mwisho wa vidato, swichi ya usalama imekata umeme na fundi atasafisha, atakagua, ataiwasha. Kama ni mnyororo uliolegea au breki iliyolika, ukiwapandisha watu mia unaipa mzigo ambao huenda isiuhimili. Roma, Oktoba 2018, kituo cha Repubblica, ngazi iliyojaa mashabiki wa CSKA Moscow iliteremka kasi na kuwarundika chini. Abiria hana jicho la kujua hitilafu ni ipi. Kwa hiyo wanaoziba njia kwa utepe, nawapa haki yao. Shingo upande.

Msiniambie lifti. Lifti ya watu 20 inayokwenda na kurudi kwa dakika 2 hubeba watu 600 kwa saa. Ngazi moja ya umeme yenye upana wa mita 1, kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde, hukadiriwa kubeba 6,000. Vipindi vikiisha, au mechi ikiisha, piga hesabu mwenyewe. Tena lifti hizo ndizo tegemeo la mwenye kiti cha magurudumu, ambaye sasa anapanga foleni nyuma ya vijana wenye magoti mazima.

Na si kwamba utaalamu ulikosekana. Reli ileile, ikipita chini ya chuo kuelekea kituo cha U District kilichofunguliwa Oktoba 2021, imelazwa juu ya mabamba ya zege yanayoelea ili mtikisiko usivuruge vipimo vya maabara. Vipimo vimebembelezwa, mwanafunzi wa kutembea kwa miguu akasahauliwa!

Ndiyo, ngazi za dharura lazima zikingwe moshi, kwa hiyo milango yake ijifunge yenyewe. Ijifunge, sawa. Kujifunga si kupiga kufuli. Wenye vituo vya namna hii, ondoeni king'ora mlangoni, wekeni taa na kibao, kisha acheni watu wapite kila siku, hata ngazi za umeme zikiwa nzima.