Maua ya mbuga za Dodoma: kufunga malisho au kuyatumia kwa zamu?

Mvua za Desemba zikishatulia, mbuga iliyokuwa vumbi tupu hutoa kongwe la bluu, marejea ya njano na mlenda pori wenye maua ya zambarau. Haya si pambo. Mlenda ni mboga ya Wagogo, marejea ni jamii ya kunde na hurutubisha udongo, na nyuki huchota chavua humo. Yanapotea kila penye mifugo mwaka mzima, na wanaojali wamegawanyika: eneo lifungwe lisiguswe kabisa, au litumike kwa mpango?

Wanaotaka kufunga wana ushahidi mzito. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko, kilomita za mraba 1,256. Mimea ilirudi kwenye miteremko iliyobaki udongo mwekundu mtupu. Wafugaji nao wana hoja isiyopuuzika: mifugo ile haikuyeyuka, ilikwenda kubana malisho ya jirani, na kaya zilikosa maziwa na samadi. Baadaye ng'ombe waliruhusiwa kurudi kwa kufugwa bandani.

Kwenye miteremko yenye makorongo, sisi tuko upande wa kufunga. Kwenye mbuga tambarare, hapana. Mbuga isiyolishwa wala kufyekwa kwa misimu kadhaa hulaliwa na nyasi zake zenyewe. Majani makavu hufunika udongo, miche midogo ya maua ikakosa mwanga. Kisha huingia mkulagembe, kichaka cha miiba. Huo ukikatwa kwa panga huchipua upya kutoka mizizini, kwa hiyo sharti ung'olewe kwa sururu ungali mdogo.

Kabla ya kununua mbegu yoyote, pima. Tengeneza fremu ya mita 1 kwa 1, iweke mahali 20 tofauti, uhesabu mashina ya nyasi za kudumu. Yakizidi mawili kwa fremu, kupumzisha misimu miwili ya mvua kwa kawaida kunatosha. Yasipofika hapo na udongo umeshika ukoko, mbegu za kumwaga juu zitasombwa na maji au kubebwa na sisimizi. Chimba makinga ya maji yenye umbo la nusu mwezi, upana mita 5, udongo ukiwekwa upande wa chini wa mteremko, kisha otesha mbegu ndani yake mvua zikikaribia, si mwezi mzima kabla.

Mbegu zitoke mbuga ya jirani yenye udongo kama wako. Chukua zilizokomaa tu, na usizidishe moja ya tano ya zilizopo. Zianike kivulini, uzihifadhi kwenye gunia. Mfuko wa plastiki huzivundisha. Nyingi za nyasi hazioti vizuri zikiwa mbichi, hivyo za msimu huu zisubiri ujao. Za jamii ya kunde zina ganda gumu: zimwagie maji yaliyotoka kuchemka, uziache zipoe humo usiku kucha. Changanya mbegu ndogo na mchanga mkavu mara nne yake ili zisambae sawasawa, na usizifukie zaidi ya sentimita 1. Samadi usiweke. Hunenepesha nyasi ndefu, nazo huyamaliza maua.

Na si kila ua ni dalili ya afya. Gugu la Kongwa huchanua meupe, lakini ng'ombe hawalili, na linapotanda malisho hufa chini yake. Ling'olewe kabla halijatoa mbegu.

Wakati wa kutumia ndio wenye uzito kuliko yote. Fyeka au lisha baada ya mbegu kudondoka, kuanzia Juni, ukibakiza sentimita 10 za shina. Majani yaliyofyekwa yatolewe nje. Yakikaushwa na kushindiliwa kwenye sanduku la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45, hutoa robota la hei la kilo 20 hivi, chakula cha mifugo cha Oktoba. Wasukuma wamekuwa wakifanya jambo la namna hii kwa ngitili: kufunga wakati wa mvua, kufungua kiangazi.

Ugumu ni mwaka wa ukame. Mwezi Februari ng'ombe wakidhoofu, hakuna sheria ndogo ya kijiji itakayozuia watu kufungua mbuga, na wenye mifugo hawana kosa. Basi ipangwe mapema: mbuga igawanywe mafungu matatu, mawili yafunguliwe kwa dharura, la tatu libaki hadi mbegu zidondoke, na fungu hilo lihame kila mwaka. Robota za mwaka uliotangulia zigawiwe kwanza kwa kaya ambazo ng'ombe wao wangelishwa kwenye fungu hilo lililofungwa.