Siku niliyoswagwa na mbuzi wa mjomba

Mi ni mtoto wa Dar, mbwa nilikuwa najua wa aina mbili tu, wa kwenye geti lililoandikwa MBWA MKALI na wa jalalani. Kwahiyo Julai ile nilipoenda Manyoni kwa mjomba, kwenye shughuli ya mahari ya binamu yangu, nikamkuta Afande kalala katikati ya zizi, kidevu kakiweka mgongoni kwa mbuzi jike kama mto, nikacheka nikasema huyu sio mbwa huyu, huyu godoro.

Mjomba akaniambia usimuone hivyo. Afande alikuja hapo hajatimiza hata miezi miwili, akalazwa kwenye kibanda cha watoto wa mbuzi, chakula anapewa hukohuko, kakua anajua wale ndo ndugu zake. Fisi akija usiku wala hamfukuzi mpaka porini, anasimama tu kati ya fisi na zizi anabweka mpaka fisi mwenyewe anaona upuuzi anaondoka. (Nilikuja kusoma baadaye kwamba Namibia nako, Cheetah Conservation Fund, shirika la kulinda duma, wanawapa wafugaji mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki toka 1994, wanawakuza na mbuzi hivyohivyo, duma akikuta mbwa anaenda zake na mfugaji hana sababu ya kumpiga risasi. Mjomba hajasoma popote, yeye kakuta baba yake anafanya.)

Mi nilikuwa nasikia, sisikilizi.

Sasa siku ya wageni, saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya kukata masikio, mjomba anatoka kwenda senta kufata mchele akaniambia, "Mjomba, yule beberu mweusi mwenye pembe iliyovunjika ndo kitoweo. Msubiri dogo arudi kisimani mkamkamate wote, wewe Afande hajakuzoea." Dogo mwenyewe ana miaka tisa. Nikaona mtu mzima na ndevu zangu nisubiri mtoto wa darasa la tatu anishikie mbuzi, hapana.

Nikasogeza miiba ya mlangoni nikaingia, kuirudisha sikukumbuka. Kamba ya katani, upande mmoja nikamvalisha beberu shingoni, upande wa pili nikajizungushia mkononi nikapiga fundo la nguvu asije akanichomoka, maana niliwahi kuona kwenye simu jamaa anafanya hivyo na ng'ombe, au labda alikuwa farasi. Nikavuta.

Beberu akalia. Sio mee ya kawaida, ile ya kuita majirani. Afande akainuka, na kilichoniogopesha ni kwamba hakubweka wala hakukimbia, alijinyoosha kwanza, miguu ya mbele, halafu ya nyuma, akaja taratibu akasimama kati yangu na mlango, akanyanyua mdomo upande mmoja tu. Mngurumo wake niliusikia kwenye magoti kabla haujafika masikioni.

Nikasema yaishe, namfungua. Nikipeleka mkono shingoni kwa beberu, grrrr. Nikiurudisha, kimya. Nikajaribu fundo la mkononi kwangu, wapi, kamba ilikuwa na umande na beberu kashaivuta mpaka fundo limekuwa kokoto. Nikainama nikaanza kuling'ata, na hapo Afande akapoa kabisa akakaa chini ananiangalia, nadhani alipoona natafuna kamba ndo akaamua na mimi ni wa humohumo.

Mbuzi nao wakaona mlango uko wazi. Thelathini na kitu wakatoka kwa mkupuo, beberu akawafata wenzake, mi nikamfata beberu, Afande nyuma yetu. Ndala moja ikabaki zizini. Tunapita mbele ya jiko namuita shangazi kwa sauti ya chini nisije nikamuudhi Afande, shangazi akatoa kichwa kwenye moshi akasema, "Loh, umeamua kwenda kuchunga? Mungu akubariki baba," akarudi kwenye sufuria.

Basi nimeenda malishoni mguu mmoja peku kwenye mbigili. Beberu akisimama kula nasimama, akitembea natembea, kila nikijaribu kumgeuza kurudi nyumbani Afande anatangulia anaziba njia. Nikapiga simu kwa mkono wa kushoto, mjomba hapatikani. Ilifika mahali nikakaa chini ya mgunga, Afande akaja akalala pembeni yangu, akaegemeza kidevu chake kwenye paja langu. Yaani kama sio kufungwa kamba ningesema nimepumzika.

Saa nne hivi mbuzi wakaamua kuvuka barabara, na kwenye barabara hiyohiyo inakuja Noah imejaa wazee wenye makoti na vitenge vipya. Wakwe. Noah ikasimama tupite. Ningefanyaje, nikanyanyua mkono uliofungwa, beberu naye akanyanyuka kidogo, nikasema, "Shikamooni wazee, karibuni sana, nyumbani ni pale mbele."

Wakaitikia marahaba. Mshenga akashusha kioo mpaka mwisho, akaifuata kamba kwa macho toka shingoni kwa beberu mpaka mkononi kwangu, akaniangalia mguu peku, akamgeukia mwenzake.

"Mzee, sisi si tulikubaliana mbuzi kumi tu? Mbona hapa inaonekana kila mbuzi na mtu wake?"