Saa 72 za Lindo

Mlinzi wa kampuni binafsi Dar es Salaam anayeingia lindoni saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki, hukaa kazini saa 72. Hata ukitoa saa moja ya kula kila usiku, zinabaki 66. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne.

Wanaotetea mpango huu wana hoja. Zamu mbili ni nafuu kwa mwajiri, na wapo walinzi wanaoomba wenyewe lindo la ziada kwa sababu mshahara haufiki mwisho wa mwezi.

Lakini anayelalamika huitwa mvivu, na hapo hatumtendei haki. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulisababisha vifo 745,000 mwaka 2016, kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo. Kinachonisumbua zaidi ni umri wa marehemu hao: wengi walifariki wakiwa na miaka 60 hadi 79, baada ya kufanya kazi saa hizo ndefu tangu miaka 45 na kuendelea. Maana yake ni kwamba maradhi huja wakati mkataba umeshakwisha na bosi wa zamani hamkumbuki tena, na anayemgeuza mgonjwa kitandani ni mkewe. Daftari la lindo halina safu ya kuandika hasara hiyo, ndiyo maana ni rahisi kusema haipo.

Husemwa pia kwamba saa nyingi humpandisha mtu cheo. Kwa mlinzi, njia ya kutoka getini ni kozi, tuseme ya umeme pale VETA, kwenye vyuo vya serikali vya ufundi stadi. Sasa hesabu daladala kutoka Chanika hadi Masaki, kwenda na kurudi, kisha asubuhi wa kumpokea lindo hajafika na msimamizi anapiga simu kumwambia asubiri kidogo. Huyu atasoma saa ngapi?

Ni kweli kwamba zamu ya tatu itapandisha bei ya ulinzi, na kupunguza saa bila kupandisha mshahara wa msingi kutamnyima mlinzi unga. Kwa hiyo mabadiliko yaanzie kwenye zabuni: ofisi za umma, ambazo nazo hukodi walinzi, zidai zamu za saa nane na zikubali kuzilipia.